Chafya Kwenye Kona ya Mikaratusi

Jioni hiyo Khaemba alikuwa ameshanawa mikono kwa mafuta ya taa, sasa anatafuta kipande cha sabuni, alipoona kigari cha rangi ya maziwa kikiingia uani polepole, kama mgeni asiye na hakika kama hii ndiyo nyumba.

Kama hukufika Nakuru miaka ile ya hamsini na kitu ukamwona Khaemba akikagua gari kuukuu, basi umekosa jambo. Gereji yake ilikuwa nyuma ya stesheni, mabati manne na mjakaranda mmoja, na haikuwa na kibao, maana mwenyewe alisema kibao ni cha watu wasiojulikana. Mtu akitaka kununua gari lililokwisha kupita mikono mitatu minne, alimwendea Khaemba kwanza. Naye alikagua macho yamefungwa. Analizunguka gari anagonga bodi kwa kidole, kama mama anayechagua maboga sokoni. Mahali palipotoa sauti bubu alisema, hapa kutu imekula, wakaziba kwa lami na kupaka rangi. Anachomoa kijiti cha oili, anakinusa, anakilamba, ndiyo, anakilamba, kisha anakwambia ringi za pistoni zimekwisha. Anakanyaga breki na kuhesabu. Ikizama kabla ya tatu, anashuka, gari halifai. Gea isiyopiga kelele kabisa hiyo ndiyo aliyoishuku zaidi. Siku moja aliifungua gea ya gari la mwalimu mmoja akatoa debe zima la unga wa mbao, uliotiwa humo kunyamazisha meno yaliyolika. Wapo wanaosema kilikuwa kikombe tu. Hao hawakuwepo.

Lakini mfukoni mwa ovaroli yake kulikuwa na siri. Jeti ya kabureta. Kidude cha shaba cha kupitishia petroli, kidogo kama punje ya hindi, kitundu chake kimezibwa na uchafu mweusi tangu zamani. Siku aliposhindwa, na hata yeye alishindwa mara mbili tatu kwa mwaka, aliinama chini ya boneti, akahangaika, akatukana kidogo, kisha akaibuka na ile jeti kati ya vidole viwili. "Adui mwenyewe huyu hapa." Mteja anafurahi, gari linapona lenyewe au haliponi, na jina la Khaemba linabaki safi.

Aliyejua siri hiyo ni mkewe Awuor peke yake. Zamani ilimchekesha. Siku hizi Awuor alikuwa amepunguza kucheka. Alikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa, hana mtoto hata mmoja, na kwenye mstari ule wa nyumba za reli majirani walikuwa wamefika mahali pa kuacha kuuliza. Hilo lilimuuma kuliko maswali.

Aliyeshuka kwenye kigari alikuwa mtu mrefu, kofia mkononi, kalamu mbili mfukoni. Alijitaja kuwa ni Kiprugut, karani wa shamba la mkonge upande wa Mogotio. Akasema gari amelichukua kwa mwenye yadi ya kuuzia magari ili lijaribiwe kabla ya kununua. Khaemba akamwambia aje kesho, mwanga umekwisha. Karani akasema kesho haiwezekani. Tatizo la gari hili halitokei ila saa hizi, na halitokei ila mahali pamoja.

Khaemba akafurahi moyoni. Tatizo lenye adabu ya saa na mahali? Hilo hakuwa amekutana nalo.

"Inafanya nini?"

"Inapiga chafya," Kiprugut alisema. "Halafu inazima."

"Hiyo ni kabureta, Karani. Hiyo hata mke wangu angekwambia."

Kiprugut hakutabasamu. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea kanisani.

"Fundi, nimekuja kwako kwa sababu moja. Kama ni uchafu, sema ni uchafu. Kama hukuona kitu, sema hukuona kitu. Usinionee huruma. Hicho tu ndicho ninachotaka."

Khaemba alicheka, akamwambia huruma haifungui nati.

Alilikagua kwanza pale uani. Bodi ilikuwa na kutu chini ya mlango wa kushoto, si ya kutisha. Usukani ulikuwa na mchezo kidogo. Springi za nyuma zilikuwa zimelala upande mmoja. Tairi la mbele limelika ndani. Maji ya rejeta hayakuwa na mafuta juu yake. Moshi ulikuwa mwepesi, safi. Kwa umri wake kilikuwa kigari kizuri, kilichotunzwa na mtu mpweke. Alipoinua kiti cha nyuma kutafuta maji ya mvua, hakukuta maji. Alikuta ugoro. Vumbi la ugoro limejaa kwenye mshono wa kiti, na harufu yake ilikuwa mbichi, kana kwamba mtu amenusa sasa hivi. Na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine... tamu kidogo, ya vuguvugu. Aliijua lakini hakuipatia jina.

"Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzungu?" aliuliza.

"Msimamizi wetu wa shamba. Amerudi kwao."

"Na alinusa ugoro?"

Kiprugut aliitazama kofia yake.

Wakaondoka. Khaemba ndiye aliyeshika usukani, anazungumza njia nzima. Alimsimulia karani habari ya lori la pareto lililopanda mlima kinyumenyume, na ya padri aliyeuziwa gari lenye injini mbili, zote mbovu. Waliuzunguka mlima wa Menengai, upepo unaleta vumbi la magadi kutoka ziwani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya Mau. Injini ilikuwa inaimba vizuri.

Walipoifikia kona ya mikaratusi, pale barabara inapopinda na kupanda kidogo, karani aliweka mkono wake juu ya dashibodi.

"Hapa," alinong'ona.

Khaemba alikuwa anafungua mdomo aseme kitu.

Chaf!

Ndogo. Yenye maji. Na injini ikazima.

Palikuwa kimya. Majani ya mikaratusi yalikuwa yanasugana juu. Ile harufu ya ugoro ilijaa ghafla ndani ya gari, kali, hadi macho yakawasha. Khaemba alikaa na mikono juu ya usukani. Kabureta aliijua. Kabureta inakohoa mbele, chini ya boneti, na inakohoa kavu.

Hii ilitoka nyuma.

Alishuka haraka ili asiwaze. Akafungua boneti. Petroli ilikuwa inakuja. Alichomoa plagi, akamwambia karani azungushe hendeli; cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Alifungua kabureta, akaitoa jeti, akaitazama kwenye mwanga uliobaki. Aliona mbingu kupitia kitundu chake, duara kamili. Safi kama sindano mpya. Aliirudisha. Hakuna kitu. Alipitia tena tangu mwanzo, safari hii macho yamefungwa kama desturi yake, na gizani mwa macho yake alisikia pumzi. Pumzi fupifupi. Za mtu mdogo sana.

Akafumbua macho.

Kiprugut alikuwa amesimama palepale, kofia ameikunja kama kitambaa. "Umeona nini, Fundi?"

Ilikuwa rahisi kusema. Hakuna kitu. Maneno mawili, na ndiyo aliyoombwa. Lakini Khaemba hakuwahi kuyasema maneno hayo kwa mteja tangu ashike spana, na uso wa yule mtu ulikuwa umekauka kiasi kwamba aliona atafanya dhambi kumtia hofu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni.

"Adui mwenyewe huyu hapa," alisema, akainua ile jeti chafu.

Alingoja karani ashushe pumzi, acheke, ampige bega, kama wanavyofanya wote. Kiprugut aliichukua jeti, akaigeuza kiganjani, akaitazama muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanguka. Hayakuanguka kwa nafuu. Yalianguka kama ya mtu aliyeambiwa kwamba treni aliyoingoja imekwisha kupita.

"Basi ni uchafu," alisema.

"Uchafu tu."

Hapo ndipo alipoeleza, amekaa kwenye bampa ya mbele. Alikuwa na mke, Jelagat. Miaka mitatu nyuma uchungu ulimshika ukamshinda, msimamizi akawaazima kigari hiki kumpeleka hospitali ya Nakuru. Dereva mbele, Jelagat nyuma, na mama yake Kiprugut, mzee Jeruto, amemshika. Yeye mwenyewe alibaki kwenye mizani ya shamba, mkonge ulikuwa unapakiwa. Mtoto hakungoja. Alizaliwa hapa kwenye kona, msichana, akiwa hai. Jelagat alikuwa anavuja damu na gari lilikuwa limezima. Mzee Jeruto aliona mtoto anafifia, akaanza kumwitia majina.

"Kwetu mtoto anaitiwa majina ya wazee waliokwisha kwenda," Kiprugut alisema. "Moja baada ya jingine. Anapewa ugoro kidogo puani. Jina lake likitajwa, anapiga chafya. Hapo tunajua ni nani amerudi, na mtoto ni wa nyumba. Mama aliita majina yote. Upande wangu, upande wa Jelagat. Hakupiga chafya. Walipofika hospitali, Jelagat na mtoto, wote wawili walikuwa wamekwisha. Mtoto tukamzika bila jina. Kwetu hatumwiti mtoto kama huyo kwa jina lolote. Hana pa kuingilia."

Kisha akasema kwamba gari liliuzwa, likarudishwa, likauzwa, likarudishwa, na wote walisema linapiga chafya kwenye kona. Habari zikamfikia mama. Mama akasema, tafuta fundi bora kuliko wote. Akikuta kosa, tuache. Asipokuta, niletee mtoto wangu nimwitie upya.

Hapo ndipo pa Khaemba kusema. Angesema, Karani, hiyo jeti ni yangu, ya kwako ni safi. Mdomo uliosimulia habari ya lori la pareto ulikuwa umefungwa kama umechomelewa.

Injini iliwaka kwa hendeli mara ya kwanza. Walirudi hadi Nakuru. Uani, Kiprugut alimpa ufunguo, akamwomba amrudishie mwenye yadi. Gari hakulihitaji tena. Alisema ahsante. Hilo Khaemba hakuweza kulisahau, kwamba alisema ahsante.

Mwenye yadi hakulitaka. Alisema likae hapo kwa Khaemba hadi apatikane mnunuzi mwingine, yeye hana nafasi. Khaemba alilisukuma chini ya mjakaranda. Akatoa betri. Akafunga milango. Siku mbili alipita mbali nalo, kama mtu anayemkwepa jirani mwenye kesi naye.

Siku ya tatu, jua likizama, Awuor alikuwa anapepeta mahindi mlangoni.

Chaf!

Awuor aliacha kupepeta.

"Ni paka," Khaemba alisema.

"Paka hapigi hivyo."

Jioni iliyofuata walisikia tena. Na iliyofuata. Injini baridi, betri juu ya rafu, petroli imekwisha kunyonywa. Jioni ya sita Khaemba alitoka kumwita mkewe kwa chakula, akamkuta amesimama kando ya kigari, kiganja juu ya kioo cha nyuma. Kioo kilikuwa na ukungu. Kwa ndani.

"Khaemba," alisema bila kugeuka. "Humu ndani kuna mtu mdogo. Anasikia baridi."

Khaemba akamwambia yote. Jeti, karani, kona, majina. Alitegemea atukanwe, na angeshukuru kutukanwa. Awuor alisikiliza hadi mwisho, akatoa leso kichwani, akapangusa kioo polepole, upande wa nje, kama ndiyo kazi iliyokuwepo.

"Kila mtu amemfungia mlango," alisema. "Hata wewe. Kesho unampeleka kwa watu wake, na unasema ulichofanya. Kwa mdomo huohuo."

Kesho yake mchana Khaemba alirudisha betri, akatia petroli, akaondoka. Alipita kona ya mikaratusi katika jua kali. Kimya. Alifika shamba la mkonge alasiri, mistari ya mkonge imenyooka hadi macho yanachoka, akaulizia nyumba ya karani.

Aliyetoka alikuwa dada yake Kiprugut, anaitwa Jerop. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Siku hizihizi tu.

Khaemba alijua kichwa kile ni cha msiba. Akauliza ni nani aliyekufa. Jerop akasema ni mama. Leo siku ya nne tangu wamzike. Alieleza bila haraka, kama watu wanaoeleza jambo walilolieleza mara nyingi wiki hiyo. Tangu Kiprugut aende Nakuru, mzee Jeruto alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, nje, anaitazama barabara. Alikuwa amejinunulia ugoro mpya. Alikuwa anarudia majina kwa sauti ndogo, asije akasahau hata moja. Kiprugut akarudi kwa miguu, akasema ni uchafu wa kabureta, fundi ameutoa kwa mkono wake.

"Mama akasema, kama fundi ameona, fundi anajua. Akaingia ndani. Akalala akatazama ukuta," Jerop alisema. "Hakuugua. Alilala tu."

Kiprugut alitoka ofisini jioni akamkuta mgeni amekaa chini, si kwenye kigoda. Khaemba hakumpa mkono. Alitoa ile jeti, akaiweka mchangani katikati yao, akasema ni yake, ameitembeza mfukoni mwaka wa nane. Ile ya gari ilikuwa safi. Injini yote ilikuwa safi. Hakuona kitu.

Alitegemea kofi. Angelikubali.

Kiprugut aliitazama jeti, akamtazama Jerop, akakitazama kigari kilichosimama uani na mlango wazi.

"Hukuona kitu," alisema.

"Sikuona kitu, Karani."

"Rudia tena."

"Sikuona kitu."

Karani akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo cha ugoro, ule ambao mama yake alikuwa amejinunulia. "Twende," alisema. Khaemba akaiokota ile jeti. Jerop alitaka kufuata, akakatazwa. Alisimama njiani na kichwa chake kitupu hadi vumbi likamfunika.

Walifika kwenye kona mwanga ukiwa wa rangi ya majivu. Khaemba alipunguza mwendo.

Chaf!

Injini ikazima. Hakuna aliyeshuka. Ile pumzi ilikuwepo nyuma yao, fupifupi. Kiprugut alimimina ugoro kidogo kiganjani, akaupuliza nyuma ya bega lake bila kugeuza kichwa. Kisha akaanza kuita.

Aliita kwa lugha yake, taratibu. Jina. Anangoja. Jina. Anangoja. Wazee wa mlango wa baba yake, wazee wa mlango wa Jelagat, wanawake waliokufa kabla ya reli kufika. Khaemba hakuelewa maneno, ila alielewa kungoja. Kila jina liliingia kule nyuma na kupotea, kama jiwe linalotupwa kisimani na mtu asisikie likigonga maji. Giza lilikuwa linapanda miguuni. Sauti ya karani ilianza kukatika. Aliita jina moja la mwisho, akangoja sana, akainamisha kichwa juu ya dashibodi.

"Yamekwisha," alisema. "Ndiyo hayohayo ya siku ile. Yote."

Pumzi ile nyuma ilikuwa inafifia. Mapengo yalikuwa yanarefuka.

Khaemba hakuwa mtu wa kukaa na kimya. Maisha yake yote alikuwa ameropoka mahali pasipohitajika, na sasa pia aliropoka, kwa woga tu.

"Na mama yako umemwita?"

"Mama ndiye aliyekuwa anaita. Alikuwa hai. Jina la mtu aliye hai haliitwi."

"Siku ile alikuwa hai," Khaemba alisema.

Kiprugut aliinua kichwa taratibu.

Upepo ulikuwa umekufa. Mikaratusi ilisimama kama watu. Kisha karani akasema kwa sauti ndogo kabisa, kama mtoto anayemwita mama yake kwenye nyumba asiyojua kama ina mtu.

"Jeruto."

...

Chaf!

Safari hii ilikuwa kubwa, ya kifua kilichofunguka. Na baada yake, kabla hata Kiprugut hajaziba uso kwa mikono, mtoto akaanza kulia.

Alilia vile wanavyolia wote siku ya kwanza, kwa hasira, kwa kutetemeka. Kiprugut alikuwa analia naye, anacheka katikati ya kulia, anarudia jina, Jeruto, Jeruto, kumbe ulikuwa unamngoja nyanya yako. Khaemba aliteremsha kioo na kuitupa ile jeti mikaratusini kwa nguvu zake zote. Kisha injini ikawaka yenyewe, bila hendeli.

Ila mtoto hakunyamaza. Walikuwa wamefikiria jina, hakuna aliyefikiria maziwa. Kiprugut alimwimbia, akambembeleza, hakuthubutu kugeuka. Kilio kikazidi. Mwishowe akasema twende mbele, Nakuru. Safari ile ya hospitali kwake haikumalizika, labda anataka imalizike. Khaemba aliendesha na kile kilio kisogoni mwake hadi taa za stesheni.

Awuor alikuwa amesimama uani. Alikuja moja kwa moja, akafungua mlango, akalaza kiti cha mbele, akapanda nyuma, akakaa. Akavuta leso yake begani, akainamisha kichwa.

Kilio kikakatika.

Wale wanaume wawili walisimama chini ya mjakaranda bila kutazamana. Kutoka ndani ya gari waliisikia sauti ya Awuor ikiimba kitu cha kwao cha Kijaluo, polepole, wimbo ambao Khaemba hakuwahi kuusikia katika miaka kumi na moja. Na ile harufu ya siku ya kwanza, ile tamu ya vuguvugu, sasa aliipatia jina. Maziwa.

Kiprugut alilala kwenye benchi la gereji. Kulipopambazuka aliliendea gari, tayari kurudi kwao. Ugoro haukunuka tena. Alisimama mlangoni mwa gari, macho mekundu, uso wa mtu aliyeshushiwa mzigo wa miaka mitatu, akamwita fundi kando.

"Wewe unajua magari. Mimi naogopa kuangalia. Yumo? Amelala?"

Khaemba aliinama akatazama kiti cha nyuma. Akafumba macho, akasikiliza kama anavyojua yeye. Alisikia bati likipata joto. Alisikia springi. Hakusikia pumzi.

Alipofumbua macho alimwona Awuor mlangoni mwa nyumba, amejifunga kanga kifuani kwa mikono miwili. Anamtazama yeye. Na kanga, pale kifuani, ilikuwa imelowa. Madoa mawili.

Kumi na moja ni miaka mingi.

"Amelala," Khaemba alisema.

Karani alilinunua lile gari. Watu wa Mogotio wanaweza kukwambia jinsi alivyoliendesha, polepole, kama amebeba mayai, na jinsi Jerop alivyotandika shuka kiti cha nyuma. Halikupiga chafya tena kwenye kona wala popote. Kila mwisho wa mwezi alipita kwa Khaemba na chupa ya asali, akakaa, akanywa chai, akasimulia. Mtoto mpole, alisema. Tangu siku ile halii hata mara moja. Wakati mwingine hata sijui kama yupo.

"Ni mpole," Khaemba alisema.

Jioni moja walikuwa wamekaa hivyo, vikombe mkononi, jua linashuka Mau. Nyuma ya pazia, ndani, Awuor alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Akanyamaza.

Chaf!

Kiprugut alisimamisha kikombe kabla hakijafika mdomoni. Alilitazama pazia. Akalitazama gari lake uani, milango imefungwa, shuka imenyooka.

"Nani huyo, Fundi?"

Mkono wa Khaemba uliingia mfukoni wenyewe. Mfuko ulikuwa mtupu, jeti ilikuwa kule mikaratusini. Lakini vidole viwili vilikuwa vimeshabana, kama vilivyozoea.

"Mke wangu," alisema. "Ana mafua."